Mgeni na Jembe Lake: Mahubiri ya Dominika ya 11 ya Mwaka B



Masomo ya Dominika ya leo yanatutoa nyumbani na kutupeleka shambani. Katika somo la kwanza, nabii Ezekieli anatuonyesha Mungu mwenyewe akishika kazi ya mkulima. Anachuma kitawi kichanga kutoka kilele cha mwerezi, anakipanda juu ya mlima mrefu, nacho kinakuwa mti ambao ndege wa kila namna wanapata maskani chini yake. Katika Injili ya Marko, Bwana wetu anatoa mifano miwili mifupi. Wa kwanza unahusu mtu aliyemwaga mbegu ardhini, kisha akaendelea kulala na kuamka kama kawaida, huku mbegu ikiota na kukua bila yeye kujua namna inavyokua. Wa pili unahusu punje ya haradali, ambayo ingawa ni ndogo sana, mwishowe inatoa matawi makubwa hata ndege wa angani wanatua kivulini mwake.

Katikati ya masomo hayo mawili ya shambani amesimama Mtume Paulo, naye anazungumza jambo ambalo kwa haraka laonekana halina uhusiano na kilimo. Anawaambia Wakorintho kwamba maadamu tumo katika mwili huu, sisi tu wasafiri. Hatujafika bado kwetu, yaani kwa Bwana. Ni kweli kwamba katika Dominika za kawaida somo la pili hufuata utaratibu wake, wala halichaguliwi ili lilingane na Injili. Hata hivyo, leo limeangukia mahali pake hasa. Linatulazimisha kujiuliza: mkulima na msafiri wapatana wapi? Mkulima ni mtu wa kukaa, msafiri ni mtu wa kupita. Mkulima hungoja mavuno, msafiri huondoka kabla mbegu haijachipua. Je, mtu anayepita anaweza kupanda? Na akipanda, amempandia nani?

Wahenga wetu walikwisha kulijibu swali hilo kwa maneno machache: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaitumia methali hiyo kwa mzaha, tukimchoka mgeni aliyezidisha siku. Lakini tuitazame vizuri, ndugu zangu. Ndani yake mna heshima kubwa. Mgeni anayepewa jembe ameacha kuwa mtu wa kutazamwa tu. Amehesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba. Tena tuangalie alichopewa. Wahenga hawakusema apewe shamba. Walisema apewe jembe. Shamba linabaki la mwenyeji, naye mgeni analima alipoonyeshwa, kisha siku yake ikifika anaaga na kuliacha jembe pale ukutani alipolikuta.

Leo tunapenda kuwatafakari wageni wa namna hiyo: watu wanaosafiri katika nchi zisizo zao, na wakiwa huko wanajitolea kusaidia kurudisha misitu iliyokatwa. Jambo hilo limekuwa la kawaida katika siku zetu. Vijana na wazee wanakwenda Amerika ya Kusini, Asia na Afrika, wanashika majembe na viriba kwa juma moja au mwezi, kisha wanarudi makwao. Wengine tumewaona hata huku kwetu. Je, kazi yao ina maana gani mbele ya Injili ya leo?

Tuchukue mfano mmoja. Upande wa kaskazini-mashariki wa Australia, katika jimbo la Queensland, kuna misitu ya mvua, yaani misitu minene ya nchi za joto, ambayo asili yake ni ya kale sana. Mwaka 1988 eneo lake la hekta karibu 900,000 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyuma ya milima ya pwani kuna uwanda wa juu uitwao Atherton, wenye udongo mwekundu wa volkano, wenye rutuba kama ule tunaoujua katika miteremko ya Rungwe au Kilimanjaro. Wenyeji wa kwanza wa mahali hapo, miongoni mwao watu wa Yidinji na wa Ngadjon, waliishi na msitu huo kwa vizazi visivyohesabika, wakila matunda yake na kukaa kivulini mwake.

Tangu miaka ya 1880 walifika walowezi. Kwanza waliutafuta mti mmoja wenye mbao nyekundu za thamani, ambao wao waliuita mwerezi, ingawa si wa jamii ya mwerezi wa Lebanoni anaoutaja Ezekieli. Baada ya mbao wakafyeka msitu ili walime mahindi, na baadaye wafuge ng'ombe wa maziwa. Kazi hiyo ilifanywa kwa bidii na kwa jasho jingi, tena ilisifiwa kuwa ni maendeleo. Matokeo yake ni kwamba aina moja ya msitu, iitwayo Mabi kutokana na jina ambalo wenyeji wa kwanza humwita kangaruu apandaye miti, imebaki chini ya asilimia 4 ya ilivyokuwa. Hata hicho kilichobaki ni vipande vidogo vidogo vilivyozungukwa na malisho, kama visiwa katikati ya bahari ya majani. Mnyama aliyezaliwa katika kipande kimoja hawezi kuvuka kwenda kingine. Na mti wenye mbegu kubwa, ambayo ndege mdogo hawezi kuimeza, unaangusha mbegu zake chini ya kivuli chake wenyewe, zisiende kokote.

Na majani hayo ni majani gani? Hapa, ndugu wasikilizaji, habari hii ya mbali inatugusa sisi wenyewe. Baadhi ya majani yaliyotandazwa kwenye malisho yale yalitoka Afrika. Moja huitwa huko kwa jina la Kikuyu, kwa sababu asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, mahali ambapo ng'ombe wetu wameyala tangu zamani. Huku kwetu ni baraka ya mfugaji. Kule yanafunika ardhi kama blanketi, na mche wa mti wa msituni ukianguka ndani yake unakosa hewa na mwanga, unakufa. Hivyo shamba lililoachwa halirudi kuwa msitu lenyewe, hata likisubiriwa miaka mingi. Ni lazima mtu aweke mkono wake.

Mwaka 1982 watu kadhaa wa mahali pale, wakiongozwa na Joan Wright na mtaalamu wa mimea Geoff Tracey, walianzisha chama cha watu wa kujitolea kinachojulikana kwa jina la TREAT, yaani miti kwa ajili ya nyanda za Evelyn na Atherton. Kwa miaka mingi wanachama wake wamekutana kila Ijumaa asubuhi kwenye kitalu cha miche karibu na ziwa Eacham, wakishirikiana na idara ya serikali inayotunza hifadhi. Majira ya mvua yakifika, kuanzia mwezi wa Januari, wanakusanyika siku za Jumamosi kwenda kupanda. Wapo wastaafu, wapo wakulima, wapo walimu na wanafunzi. Na mlango haukufungwa kwa wapita njia: msafiri anayepita siku hiyo anakaribishwa, anapewa nafasi kwenye meza na kazi ya kufanya.

Katika safari yetu mojawapo ya shughuli za Kanisa tulipata nasi nafasi ya kuketi kwenye meza hiyo kwa asubuhi moja. Tuliona jambo lililotufundisha. Kijana msafiri, mwenye mkoba mkubwa mgongoni, alifika akiwa na hamu ya kupanda mti na kupigwa picha kando yake. Badala ya mti alipewa ndoo ya matunda ya porini yaliyokwisha kuanza kuoza, akaombwa ayasugue na kuyasafisha ili mbegu zitoke. Sisi tuliokuwa jirani naye tulipewa kazi ya kuhamisha miche midogo kutoka kwenye sinia na kuitia katika viriba. Kijana yule alisita kidogo, akaitazama ile ndoo, kisha akakunja mikono ya shati lake. Saa mbili baadaye mikono yake ilikuwa inanuka, na mbele yake palikuwa na rundo dogo la mbegu safi. Hakupanda mti hata mmoja, wala hakuomba kupigwa picha. Aliagana na wazee wale, akaendelea na safari yake. Mbegu zile zingehitaji kupandwa, kuota, kukua kitaluni na kuzoezwa jua kali kabla ya kwenda shambani. Yeye wakati huo angekuwa nchi gani? Huyo, wapendwa, ni mtu aliyemwaga mbegu, akalala na kuamka, naye hajui inakuwaje.

Kutokana na kazi hiyo ya Atherton tunaweza kujifunza mambo matatu.

Jambo la kwanza: mgeni apokee jembe la mwenyeji. Wale watu wa kitalu hawapandi mti wowote ili mradi ni mti. Wanakwenda kwenye vipande vya msitu vilivyosalia, wanaokota mbegu za miti ya mahali hapo hapo, kila mti kwa udongo wake na mvua yake. Msafiri anayekuja na ujuzi wa kwao hawezi kujua hayo. Inambidi kwanza asikilize.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tunayo kumbukumbu yetu ya jambo hili. Katika milima ya Usambara ya Mashariki, karibu na Amani, mwanzoni mwa karne ya 20 uliletwa mti ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii. Kwao ni huku huku Afrika, katika nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria, ambako unaishi kwa amani na miti mingine. Waliouleta hawakuwa na nia mbaya. Mti huo unakua haraka na una mbao. Lakini hondohondo walipenda matunda yake, wakazichukua mbegu na kuziangusha ndani ya msitu wa asili, hasa mahali palipoachwa wazi na wakata magogo. Mti ukaenea pasipo kupandwa na mtu, ukakalia nafasi ya miti ambayo haipatikani penginepo duniani. Nia njema peke yake haitoshi, ndugu zangu. Kama vile majani ya nyanda zetu yalivyokuwa mzigo kwa msitu wa Queensland, vivyo hivyo msaada mwema uliopelekwa bila kuuliza waweza kuwa mzigo kwa anayesaidiwa. Anayetaka kutumikia katika nchi ya watu aulize kwanza: nyinyi mnapanda nini hapa?

Jambo la pili: kupanda ni sehemu ndogo, palizi ndiyo kazi. Siku ya kupanda ina furaha. Watu ni wengi, mvua imenyesha, watoto wanakimbia huku na huku, na katika asubuhi moja miche mingi inaingia ardhini. Lakini yale majani ya malisho hayakufa moyo. Baada ya majuma machache yanarudi. Kwa hiyo pahitajika watu wa kurudi mara kwa mara, kuweka matandazo kuzunguka mashina, kung'oa na kukata majani, kuziba mapengo ya miche iliyokufa, kwa miaka miwili au mitatu, mpaka matawi ya miti yagusane na kivuli chake kiyashinde majani. Kazi hiyo haina sherehe. Mahali ambapo miche imepandwa kwa shangwe na kuachwa, mwaka unaofuata huwezi kuona hata ilipokuwa.

Hapa ndipo msafiri anapopimwa. Yeye hawezi kukaa miaka mitatu. Basi afanye nini? Aweza kupalilia miche iliyopandwa na msafiri aliyemtangulia. Ndiyo kusema, akubali kuikuta kazi ikiwa imeanzwa na mtu asiyemjua, na kuiacha ikiwa haijaisha mikononi mwa mtu asiyemjua. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho hao hao, walipokuwa wakigombana juu ya viongozi wao, akiwakumbusha kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji, lakini aliyekuza ni Mungu. Walikuwa wamesahau kwamba shamba si la Paulo wala la Apolo. Mwezi wa Machi mwaka 2006 kimbunga kilichoitwa Larry kilipiga ukanda ule wa Queensland, kikavunja miti mikubwa na midogo misituni. Nani angeweza kuwalaumu wale wazee wa Ijumaa kama wangekata tamaa? Lakini kitalu kiliendelea, na miche ikaendelea kupelekwa mashambani.

Jambo la tatu, nalo ndilo linalotupeleka moja kwa moja kwenye punje ya haradali: mwanadamu hupanda michache, Mungu huiongeza. Wataalamu wa huko waligundua kwamba haiwezekani kupanda kila aina ya mti iliyokuwamo msituni, maana ni mamia kwa mamia. Badala yake wanachagua aina kadhaa za kuanzia. Wanatafuta miti inayokua haraka na kutandaza majani mengi ili kivuli kiue nyasi, na miti inayozaa mapema matunda yanayopendwa na ndege na popo. Mitini ya porini, jamii ya mikuyu yetu, ina nafasi ya heshima kati yao. Ndege anakuja kula tunda, anatua tawini, na katika kinyesi chake anaacha mbegu za mti mwingine alioula mbali. Kuna hata ndege mkubwa asiyeruka, aitwaye kasuari, afananaye kidogo na mbuni, ambaye humeza matunda makubwa mazima na kuzipeleka mbegu zake mbali kwa miguu. Hivyo msitu unapandwa na wasafiri wa angani na wa ardhini, ambao hawajui kwamba wanapanda.

Pana mahali paitwapo Ushoroba wa Donaghy, kwa jina la familia ya wakulima waliokubali kipande cha shamba lao la ng'ombe kirudi kuwa msitu. Kati ya mwaka 1995 na 1998 ilipandwa miche kwa maelfu kandokando ya kijito, katika ukanda wenye urefu wa kilometa 1.2 na upana wa meta 100, ili kuunganisha msitu uliotengwa wa ziwa Barrine na msitu mkubwa wa Gadgarra. Wachunguzi waliporudi miaka mitatu baadaye kuhesabu mimea iliyoota humo bila kupandwa na mtu, walikuta aina zaidi ya 100. Na wanyama wadogo wa msituni walikuwa wameanza kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kutoka Queensland ujuzi huo nao ukasafiri. Chuo Kikuu cha Chiang Mai, nchini Thailand, ambacho mwaka 1994 kilianzisha kitengo cha utafiti wa kurudisha misitu, kiliuchukua na kuujaribu kwa miti ya kwao, pamoja na wanakijiji wa milimani. Tazameni jinsi punje ndogo inavyotoa matawi.

Wapendwa wasikilizaji, labda mmoja wenu anauliza: lakini je, si afadhali msafiri huyo angebaki kwao na kutuma nauli yake ya ndege, nayo ikalipa vibarua wa mahali pale wapande miti mingi kuliko atakayopanda yeye? Swali hilo ni la haki, wala tusilikwepe. Wapo watu ambao kwao ndivyo ingefaa. Wapo wanaokwenda mbali kutafuta sifa ambayo wangeikosa nyumbani, na kuwageuza wenyeji kuwa pambo la picha zao. Bwana wetu alikwisha kusema juu ya watoaji wa namna hiyo kwamba wamekwisha kupata thawabu yao. Lakini si wote. Mtu aliyeinama asubuhi nzima juu ya ndoo ya matunda yaliyooza, akimtii mzee wa kijiji asichokijua, amejifunza kitu ambacho fedha haifundishi. Amejifunza kwamba dunia ni nyumba ya watu wote, kama Baba Mtakatifu Fransisko alivyotufundisha katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, na kwamba katika nyumba hiyo hakuna chumba ambacho mtu aweza kusema hakimhusu.

Basi turudi sasa kwetu, maana Injili haikusomwa leo ili tuwahukumu wasafiri wa Ulaya au Australia. Kuna maneno mawili ambayo yamekausha mashamba mengi huku kwetu. Neno la kwanza latoka kinywani mwa mgeni. Neno la pili latoka kinywani mwa mwenyeji.

Neno la mgeni ni hili: hapa si kwetu. Mwalimu amehamishiwa shule ya mbali, anaishi katika nyumba ya shule miaka saba, uwanjani hapana hata mpapai, kwa sababu hapa si kwake. Mfanyakazi amepanga mjini miaka ishirini, mtaro mbele ya mlango umeziba, hashiki chepe, kwa sababu anangoja kujenga kijijini. Kijana wetu amekwenda kusoma au kufanya kazi ng'ambo, jirani zake wanamwita katika kazi ya pamoja, anakaa ndani. Hata sisi mapadre, ndugu zangu, na watawa, na makatekista, tunaohamishwa na maaskofu wetu kila baada ya miaka kadhaa, shetani hutunong'oneza neno hilo hilo: wapande wengine, sisi tu wapita njia. Kwa nini nipalilie ambacho atakivuna mwenzangu? Lakini Paulo anatuambia leo kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyefika kwao. Mwenye hati ya shamba na mpangaji wa chumba kimoja, wote wawili ni wasafiri. Kama kuwa msafiri kungekuwa sababu ya kutopanda, duniani pasingekuwa na mti uliopandwa na mtu. Na mwishoni mwa somo hilo Mtume anaongeza kwamba wote tutasimama mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo, kila mmoja apokee sawasawa na aliyotenda akiwa katika mwili, yaani akiwa safarini.

Neno la mwenyeji ni hili: hiyo ni miti ya mradi. Mmelisikia, nasi tumelisikia. Wageni wamekuja, wamekaribishwa kwa ngoma, wamepanda miche pamoja nasi kwenye chanzo cha maji. Wameondoka. Mbuzi wanaingia, wanakula miche, tunapita tunaangalia, kwa sababu miti ni ya mradi. Ni ya wafadhili. Wakirudi wataleta mingine. Ndugu zangu, mgeni alipewa jembe. Shamba lilibaki la nani? Maji ya chanzo kile yanakunywewa na watoto wa nani? Mwenyeji anayemwachia mgeni shamba lake amegeuza methali ya wahenga miguu juu. Wale wa Atherton wanawapokea wasafiri kwa furaha, lakini hawakuanzishiwa kazi na wasafiri, wala haisimami wasafiri wasipofika. Ijumaa isiyo na mgeni hata mmoja, kitalu kinafunguliwa vilevile. Hapo ndipo penye siri yao.

Kwa hiyo tunaleta pendekezo moja, hasa kwenu makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo. Kila mwaka mnakuwa na watoto wanaojiandaa kwa Kipaimara. Wapelekeni siku moja kwenye msitu ulio karibu, kwa ruhusa ya wanaoutunza, pamoja na mzee anayeyajua majina ya miti kwa lugha ya kwenu. Waokote mbegu za miti ya hapo: mkangazi, mvule, mkuyu, au ule ambao mzee atasema zamani ulikuwa mwingi na sasa hauonekani. Waziotesha kwenye viriba nyuma ya kanisa. Lakini msiishie hapo. Watoto wa mwaka huu wapande. Watoto wa mwaka ujao wapalilie walichopanda wakubwa wao. Na watoto wa mwaka wa tatu vivyo hivyo. Asiandikwe jina la mtu kwenye mti wowote. Hivyo kila kundi litaikuta kazi ya waliotangulia na kuiacha kwa watakaofuata, na katika jambo hilo watajifunza Kanisa ni nini, kuliko watakavyolijifunza kwa kukariri.

Nanyi mnaosafiri, mnaokwenda kazini, masomoni, au kuwatembelea watoto wenu waliohamia mbali, mkifika msingoje siku ya tatu. Ulizeni jembe liko wapi. Limeni mtakapoonyeshwa. Na siku ya kuondoka msigeuke nyuma kuhesabu mlichopanda, maana aliyeituma mvua anajua hesabu yake.

Tuombe. Ee Mungu, uliyepanda bustani ya kwanza na kumweka mwanadamu humo ailime na kuitunza, utusamehe kwa kila mti tuliouangusha bila kuufikiria mwenzetu atakayekuja. Uwabariki watu wote wanaojitolea, karibu na mbali, kuirudishia nchi mavazi yake. Utupe sisi wasafiri mikono isiyochagua kazi, na wenyeji moyo usiowaachia wengine wajibu wetu. Ukuze Wewe tulichopanda, ukifanye kivuli cha ndege na cha watoto tusiowajua, hata siku ile tutakapofika kwetu, kwako. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.